Kibanio cha Pua cha Mpiga Mbizi

Kabla ya biashara ya lulu kudidimia katika miaka ya 1930, wazamia lulu wa Ghuba, kutoka Kuwait na Bahrain hadi Ras al Khaimah, miongoni mwao wakiwamo watu wenye asili ya Afrika ya Mashariki, walishuka baharini wakiwa wamebana pua kwa kifaa kidogo cha pembe, mfupa au gamba la kasa. Kwa Kiarabu kifaa hicho huitwa fitamu. Jiwe lililofungwa kamba liliwavuta chini, na mikono ikabaki huru kukusanya chaza. Wengi hudhani kwamba kazi ya kibanio ni kuzuia maji yasiingie puani. Hiyo ni nusu tu ya ukweli, tena iliyo ndogo.

Kwenye uso wa bahari kanieneo ya hewa ni atmosfia 1, na kila meta 10 za kina huongeza takriban atmosfia 1 nyingine. Mwanafunzi atakumbuka kanuni ya Boyle: hewa iliyofungiwa hupungua ujazo hadi nusu katika kina cha meta 10, na hadi theluthi katika meta 20. Lakini sikio la kati limezungukwa na mfupa, wala haliwezi kunywea kama puto. Kinachosukumwa ndani ni kiwambo cha sikio, ambacho huuma, kisha huweza kupasuka. Maji baridi yakipenya humo, mpiga mbizi hushikwa na kizunguzungu kikali, asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Inafaa mwalimu akazie kwamba mabadiliko makubwa hutokea karibu na uso wa maji: kati ya meta 20 na 30 ujazo hushuka kutoka theluthi hadi robo tu.

Kinga yake ni kusukuma hewa ya kinywani, kwa ulimi na mashavu, ipite katika mrija unaounganisha koo na sikio la kati. Pua ikiwa wazi, hewa hiyo hutoroka. Basi kibanio huzuia hewa isitoke, na hicho ndicho kipimo cha kukichagulia. Mnunuzi akivae nchi kavu, kikae kwenye nyama laini chini ya mfupa wa pua, afumbe mdomo na kusukuma hewa kwa upole. Ikivuja, kibanio hakifai, hata kama katika bwawa la kuogelea hakipitishi tone la maji.

Miwani ya kuogelea isiyofunika pua isivaliwe kwenye kina: hewa iliyomo haiwezi kuongezwa, na mishipa midogo ya macho hupasuka. Miwani inayofunika pua nayo haipatani na kibanio, kwa kuwa hujazwa hewa kupitia puani.

Utunzaji wake ni mwepesi. Kisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikaushwe kivulini, kwani jua hukausha mpira ukapasuka, na chumvi hula springi. Mafuta ya nazi usoni hukifanya kiteleze; afadhali pua ifutwe kwanza. Uzi wa shingoni huokoa kilichochomoka.

Kibanio hakirefushi pumzi. Masikio yakikataa kufunguka, mpiga mbizi apande juu mara moja. Mwenye mafua asishuke kabisa, kwa sababu mrija wake umevimba. Na asizame mtu pasipo mwenzake juu ya maji anayemwangalia, akiwa tayari kumfuata.