Mawimbi Ndani ya Barafu: Maswali na Majibu kuhusu Ukingo wa Bahari ya Kusini

Bahari ya Kusini, inayoizunguka Antaktika pande zote, ina mawimbi makubwa kwa sababu pepo za magharibi huvuma juu yake mwaka mzima bila kukutana na nchi kavu ya kuzizuia. Kila mwaka sehemu kubwa ya bahari hiyo huganda, na eneo la barafu hutanuka kutoka takriban kilomita za mraba milioni 3 mwezi Februari hadi milioni 18 hivi mwezi Septemba. Mahali ambapo barafu hiyo hupambana na mawimbi ya bahari wazi huitwa ukanda wa ukingo wa barafu, nao unaweza kuwa na upana wa makumi au hata mamia ya kilomita. Ramani nyingi huuchora kwa mstari mmoja mwembamba, jambo linaloficha sehemu yenye pilikapilika kuliko zote katika bahari iliyoganda.

Wimbi linapofika penye barafu, huishia hapo au huendelea?

Huendelea, ingawa halibaki vile lilivyokuwa. Kinachosafiri katika wimbi ni nishati inayopita ndani ya maji, na mtikisiko wake huenea hadi kina kinachokaribia nusu ya urefu wa wimbi, yaani nusu ya umbali kati ya kilele kimoja na kinachofuata. Barafu ya bahari ya Antaktika, ambayo mara nyingi unene wake haufiki mita 2, huelea ikiwa imezama kwa karibu sehemu tisa kati ya kumi, na kwa kuwa ni tabaka jembamba juu ya maji mengi yanayotikisika, maji hayo huendelea kuinyanyua na kuishusha. Kipande kidogo hupanda na kushuka chote kwa pamoja. Bamba pana hulazimika kupinda ili lifuate mteremko wa wimbi, na ugumu wake huungana na uzito wa maji katika kuurudisha uso wa bahari kwenye usawa wake. Ndiyo maana wanafizikia huliita wimbi la namna hiyo wimbi la mpindo na mvutano, kwa maana kwamba linatawaliwa na unyumbufu wa barafu pamoja na nguvu ya mvutano wa dunia.

Kwa nini mawimbi mafupi hutoweka mapema ilhali marefu hufika mbali?

Hapa ndipo palipo na kiini cha taaluma yote hii. Kipindi cha wimbi ni muda unaopita kati ya vilele viwili vinavyofuatana mahali pamoja: katika maji ya kina kirefu, wimbi la kipindi cha sekunde 5 lina urefu wa karibu mita 40, na la sekunde 15 lina urefu wa karibu mita 350. Wimbi la kwanza likikutana na bamba la barafu lenye upana wa makumi ya mita, vipimo vyao vinakaribiana, hivyo sehemu ya nishati hugonga ukingo wa bamba na kurudishwa nyuma au kupelekwa kando, tukio linaloitwa mtawanyiko. Wimbi la pili ni refu mno kiasi kwamba bamba hilo hilo hulipanda na kulishuka taratibu, likiwa halijalizuia kwa kiasi cha kutajika.

Mtawanyiko hauiharibu nishati. Huibadilishia njia tu. Upotevu wenyewe hutokana na mambo mengine: msuguano wa maji chini ya barafu yenye mikwaruzo, kugongana kwa mabamba, maji yanayorukia juu ya barafu na kuvunjikia hapo, na mkunjo wa barafu yenyewe, ambayo kila inapopinda na kunyooka hugeuza sehemu ya nishati kuwa joto. Matokeo ya jumla ni kwamba, kwa mawimbi mengi, kila kilomita hupunguza nishati kwa uwiano ule ule, na uwiano huo ni mkubwa kwa mawimbi mafupi. Barafu basi huchuja: baharini kunakuwa na mchanganyiko wa mawimbi ya kila aina, ilhali kilomita nyingi ndani hubaki mawimbi marefu, laini, yanayokwenda kwa mpangilio. Gordon Robin, aliyechapisha mwaka 1963 vipimo vilivyochukuliwa melini katika Bahari ya Weddell msimu wa 1959–60, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuionyesha hali hiyo kwa takwimu.

Swali ambalo bado linawagawa watafiti ni lipi kati ya mtawanyiko na upotevu linalotawala. Jibu la busara zaidi ni kwamba hutegemea barafu iliyopo, na hilo huleta swali linalofuata.

Je, kila barafu huyapokea mawimbi kwa namna moja?

Hapana, na kuichukulia barafu yote kuwa kitu kimoja ndiko kosa linalogharimu zaidi katika hesabu za utabiri. Maji ya bahari huganda yakikaribia nyuzi joto 1.8 chini ya sifuri, na yanapoganda huku yakitikiswa, hayafanyi bamba moja. Kwanza hutokea chembe ndogo za barafu zinazoelea kwa wingi na kuufanya uso wa bahari uwe mzito wenye mnato. Kisha chembe hizo hushikamana kuwa visahani vya mviringo ambavyo, kwa kugongana bila kukoma, hupata kingo zilizoinuka. Visahani hivyo huitwa barafu ya chapati. Wimbi, kwa hiyo, hushiriki kuiumba barafu ambayo baadaye italidhoofisha.

Mfano mzuri ulipatikana Julai 2017, pale meli ya utafiti ya Afrika Kusini, SA Agulhas II, iliposafiri kutoka Cape Town hadi kwenye barafu ya majira ya baridi, karibu na longitudo ya 30 mashariki, ambayo ukiifuata kuelekea kaskazini hupita karibu kabisa na Kigali. Kimbunga kikali cha nchi za baridi kilipita juu ya ukanda huo, na kamera zilizofungwa melini zikarekodi mawimbi na barafu kwa pamoja. Eneo lilijaa barafu ya chapati yenye upana wa mita 2 hadi 4, na maji yaliyokuwa katikati yake yalijaa chembe za barafu; kwa kipimo cha setilaiti bahari ilikuwa imefunikwa karibu yote, lakini mawimbi makubwa yalipita humo. Visahani vidogo namna hiyo haviwezi kuyatawanya mawimbi marefu, na upunguaji wake hutegemea zaidi mnato wa mchanganyiko unaovizunguka.

Wimbi huvunjaje bamba nene?

Kwa kulipinda kupita uwezo wake. Barafu ya bahari ina vijishimo vilivyojaa maji ya chumvi kali, nayo hupasuka ikinyooshwa kwa kiasi kidogo mno cha urefu wake. Tena mpindo unaorudiwa maelfu ya mara huichosha hata pale ambapo wimbi moja lisingeivunja. Wanaume wa msafara wa Ernest Shackleton, ambao meli yao Endurance ilikuwa imezama, walilishuhudia hilo Aprili 1916, bamba walilopigia kambi lilipopasuka chini yao na kuwalazimu kuingia katika mashua.

Mwaka 2012 vipimio viliwekwa juu ya barafu ya Antaktika kutoka meli ya Australia Aurora Australis, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba mawimbi yenye kimo kinachozidi mita 3 hupungua polepole kuliko nadharia ilivyotarajia, hivyo kwamba dhoruba inaweza kuivunja barafu mamia ya kilomita kutoka ukingoni. Tafsiri ya vipimo hivyo ingali inajadiliwa, ila athari ya kuvunjika haina ubishi: vipande vidogo vina kingo nyingi zaidi zinazoguswa na maji, huyeyuka haraka vikipata joto, huachia nafasi za maji wazi, na mawimbi yanayofuata huzuiwa kwa nguvu ndogo zaidi.

Barafu hiyo hukinga nini?

Nyuma yake kuna shelfu za barafu, yaani mabamba manene sana yanayotiririka kutoka bara na kuelea baharini yakiwa bado yameshikamana nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulichunguza kuvunjika kwa shelfu za Larsen A mwaka 1995, Larsen B mwaka 2002 na Wilkins mwaka 2008 na 2009, ukabainisha kwamba kabla ya kila tukio barafu ya bahari ilikuwa imetoweka mbele ya shelfu husika, na mawimbi marefu yakawa yanaipinda shelfu ambayo tayari ilikuwa imedhoofishwa na maji ya kuyeyuka.

Je, Aktiki ina hali hiyo hiyo?

Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu, na zamani barafu iliyapa mawimbi nafasi ndogo ya kukua, kwani wimbi huhitaji umbali wa maji wazi ili upepo ulijenge. Septemba 2012, barafu ilipopungua hadi takriban kilomita za mraba milioni 3.4, Bahari ya Beaufort ilirekodi mawimbi ya karibu mita 5.

Hali hii hupimwaje, na upungufu uko wapi?

Maboya yenye vipima mchapuko huwekwa juu ya mabamba na kutuma taarifa hadi yanapopotea. Rada za setilaiti za Sentinel-1 huonyesha mistari ya mawimbi ndani ya barafu. Na leza ya ICESat-2, iliyorushwa mwaka 2018, hupima kupanda na kushuka kwa uso wenyewe. Hata hivyo, takwimu inayotangazwa zaidi ni eneo la barafu, linalohesabu kila sehemu ya bahari iliyofunikwa kwa angalau asilimia 15. Kwa kigezo hicho, bahari iliyojaa barafu ya chapati inayoyumbishwa na dhoruba huhesabiwa sawasawa na uwanda ulioganda kwa utulivu. Kilele cha barafu ya Antaktika cha mwaka 2023, ambacho hakikufika kilomita za mraba milioni 17, kiliwashtua wataalamu kwa udogo wake, lakini namba hiyo peke yake haisemi ni sehemu ipi ya barafu iliyobaki ingeweza kuhimili dhoruba iliyofuata. Kulijua hilo kunahitaji kupima ukubwa wa mabamba na unene wake, msimu kwa msimu, katika ukanda ambao meli chache huthubutu kuuingia wakati wa baridi.