Huyo "Dokta" Amesajiliwa?

Ukiumwa pale Jangwani utaambiwa, "Nenda Kariakoo kwa dokta." Ukifika, kumbe ni muuza duka la dawa! Daktari bingwa wa tiba ya familia, yule anayetibu kichanga hadi babu, hapatikani kirahisi hivyo. Baada ya kidato cha 6 husomea udaktari miaka 5, kisha mwaka 1 wa mazoezi hospitalini akisimamiwa. Ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika humsajili kikamilifu, na bado si bingwa! Sharti asome shahada ya uzamili, kwa mfano Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, halafu asajiliwe kwa ubingwa wake. Basi mtu akitaka kukuchoma sindano nyuma ya duka, usione aibu, muulize: "Samahani, cheti chako cha usajili kiko wapi?"