SOMO LA MWEZI: Utulivu wa Kusoma Hutoka Wapi?

Maandiko ya kusoma nyumbani: Danieli 1:3-7 na 9:1-3, Nehemia 8:1-8, Matendo 8:26-35

Vijana wa sekondari waliniomba niandike juu ya kusoma, kwa kuwa mitihani inakaribia na wanasema hapa kambini hakuna mahali pa utulivu. Ni kweli. Nyumba moja watu wanane, redio ya jirani, mtoto analia, na mvua ikinyesha juu ya bati hata sauti yako mwenyewe huisikii.

Mwaka 2009 nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha Biblia Bujumbura. Nilikaa Buyenzi kwa dada yangu, chumba kimoja na watoto wake, na mafundi wa magari waligonga vyuma tangu asubuhi hata jioni. Basi mchana nilichukua daftari langu, nikapita soko kuu (lilikuwa bado halijaungua, liliteketea tarehe 27 Januari 2013), nikaenda mpaka Rohero. Huko niliingia katika kanisa kuu la Regina Mundi, nikakaa benchi la nyuma. Najua wengine watauliza, Mprotestanti alitafuta nini kwa Wakatoliki? Nilitafuta kimya, nikakipata, wala hakuna aliyenifukuza.

Lakini kimya peke yake hakikunisaidia. Pale bencini nilikariri kurasa za maelezo kwa Kifaransa, neno kwa neno, na mitihani nilifaulu. Siku moja mwalimu aliniambia nifunge daftari, nimweleze somo lile kama ninavyoweza kumweleza mama yangu kijijini. Nilisimama mbele ya wenzangu bila neno. Kurasa zote zilikuwa kichwani, na hata sentensi moja ya Kibembe sikuwa nayo. Tangu siku ile nilibadili njia. Nilisoma mistari michache, nikafunga kitabu, nikainua macho, nikajisemea polepole kwa lugha ya nyumbani. Nisipoweza, nilijua sijaelewa, nikarudia. Nilisoma kurasa chache zaidi, lakini hizo ndizo ninazozikumbuka hata leo.

Tumwangalie Danieli, mkimbizi kama sisi, tena yeye alichukuliwa kwa nguvu. Katika sura ya 1 yuko kijana, anafundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo kwa miaka 3, kisha anasimama mbele ya mfalme. Hiyo ni kusoma kwa mtihani, na Mungu hakukudharau. Lakini katika sura ya 9 yeye ni mzee, miaka mingi imepita ugenini, na bado anasoma. Sasa hakuna mwalimu wala cheti. Anasoma maneno ya nabii Yeremia juu ya miaka 70. Kumbukeni kwamba Yeremia aliandika habari ya miaka hiyo pia katika barua kwa watu waliohamishwa Babeli (Yeremia 29). Danieli alipofahamu, hakukimbilia kuwaambia watu. Aligeuza uso wake kwa Mungu, akaomba. Wanafunzi wetu wengi wanaifahamu sura ya 1 tu.

Katika Nehemia 8 watu waliorudi kutoka uhamishoni walisikiliza tangu mapambazuko hata adhuhuri, wanaume na wanawake, na Walawi wakawaeleza maana. Yule towashi wa Kushi naye alikuwa mtu mkubwa, mwenye gari na kitabu chake, lakini hakuona haya kusema kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Basi kijana, usipoelewa, uliza.

Sasa nawageukia wazazi. Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyekuja kuwa askofu, anasimulia kwamba huko Milano alimwona askofu Ambrosio akisoma kwa macho tu, bila sauti. Mlango ulikuwa wazi, watu waliingia wakiwa na shida zao. Walipomkuta anasoma, walikaa kimya, kisha wakaondoka taratibu. Mimi nikisoma habari hiyo nawaangalia wale wageni zaidi kuliko askofu. Utulivu wa Ambrosio, wao ndio waliompa.

Jambo hili nililijifunza kwa aibu. Mwezi uliopita nilirudi nyumbani nikamkuta binti yangu nyuma ya nyumba na kitabu, madumu ni matupu. Nilimfokea mbele ya majirani. Akainuka, akashika dumu, akaniuliza kwa heshima, "Baba, wewe ulipokuwa unaenda Rohero, nani alikuchotea maji?"

Alikuwa dada yangu. Yeye ndiye aliyechota maji, akapika, akafua nguo zangu, ili mimi nikae bencini na daftari. Yeye aliacha shule akiwa darasa la sita. Katika miaka yote ile sikumwuliza hata mara moja kama naye angependa kusoma. Nimemwomba binti yangu msamaha, na dada yangu nimempigia simu.

Tumekubaliana na wazee wa kanisa: kuanzia wiki ijayo, Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, jengo la kanisa litakuwa wazi kwa wanafunzi tangu saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Kwaya imekubali kufanya mazoezi siku nyingine, ingawa mpiga ngoma alinung'unika kidogo. Kila mmoja aje na kitabu chake. Katika siku hizo 3 maji ya nyumbani yatachotwa na sisi akina baba. Mimi nitakuwa bombani saa kumi na nusu, na dumu langu ni lile la njano lenye mfuniko uliopasuka.