Tusiwaache Viongozi Wetu Peke Yao

Kila baada ya miaka michache siku ya uchaguzi hufika katika jumuiya na vigango vyetu, na siku hiyo twaona jambo ambalo lapaswa kutuhuzunisha. Jina la mtu likitajwa, yeye huinamisha kichwa, huomba radhi, hutaja shamba lake, safari zake, au ugonjwa wa mzee wake. Jina la pili likitajwa, hali ni ile ile. Mwisho huchaguliwa mtu asiyekuwapo mkutanoni, au yule yule wa miaka yote, ambaye hakatai kwa kuwa haya zamzuia. Watu hupiga makofi, hurudi makwao, na tangu saa hiyo mzigo ni wake.

Je, Wakristu wetu wamekuwa wavivu? Hatudhani hivyo. Watu hao hao wanaokataa uongozi wa jumuiya hulima, hujenga, husomesha watoto, na husimamia vikundi vya kuweka na kukopa bila kunung'unika. Wanachokikimbia wanakijua vema. Wamemwona aliyewatangulia jinsi alivyochoka, jinsi alivyosemwa, na jinsi alivyoachwa peke yake. Basi, ndugu wasomaji, yafaa tulichunguze jambo hili kama somo: tuone mizigo ipi ni halali ya kiongozi na ipi tumembebesha bila haki, tuone Mungu humtia moyo kwa njia gani, kisha tujue yatupasa nini sisi tuliobaki nyumbani.

Tukisema viongozi, mara nyingi watu huwafikiria Maaskofu na Mapadre tu. Lakini Kanisa katika nchi zetu lilijengwa tangu mwanzo kwa mikono ya walei pia. Padre alifika kigangoni mara chache. Katekista alikuwapo kila siku, akifundisha watoto, akizuru wagonjwa, akiongoza sala ya Dominika na kuzika wafu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya kazi za kimisionari iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, uliwasifu makatekista kuwa jeshi linalostahili heshima kubwa, ukataka wafundishwe vizuri na wapewe riziki ya haki. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, waliazimia kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristu. Na tarehe 10 Mei 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka kazi ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa zima. Kwa hiyo mwenyekiti wa jumuiya, katekista wa kigango, katibu na mweka hazina si watu wa kujazia nafasi. Wao ni nguzo, na nguzo ikiliwa na mchwa nyumba nzima yumo hatarini.

Mzigo wa kwanza: kufanya yote

Mzigo wa kwanza ni kufanya kila kitu. Kiongozi wetu aitisha sala, aandika majina, akumbusha michango, apatanisha walioachana, apeleka habari parokiani, arudisha majibu, na mtu akifa usiku ndiye anayegongewa mlango. Wengine twamsifu kwa bidii yake, na sifa hizo twazitumia kama ruhusa ya kukaa kitako.

Kosa hili ni la zamani. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Musa aliketi toka asubuhi hata jioni akiamua mashauri ya watu, nao wakisimama kungoja zamu. Yetro, mkwewe, alipoona hayo hakumsifu. Alimwambia waziwazi kwamba jambo hilo si jema, kwani yeye atachoka na watu nao watachoka pamoja naye. Akamshauri achague watu wenye kumcha Mungu, waaminifu, wanaochukia rushwa, awaweke juu ya elfu, na mia, na hamsini, na kumi. Tuangalie vema: Musa alikuwa amesema na Mungu, lakini hakuona aibu kupokea shauri la mzee wa ukweni, akalitenda. Kiongozi asiyegawa kazi hata kama anafanya kwa moyo mwema, huwanyima wengine nafasi ya kutumika, naye hujichimbia kaburi la uchovu. Na jumuiya inayomwachia mtu mmoja kila kitu isishangae siku atakaposhindwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mzigo wa pili: fedha

Mzigo wa pili ni fedha, na hapa ndipo majina mema mengi yalipoharibika. Siku hizi mchango wa msiba au wa ujenzi hutumwa kwa simu ya mwenyekiti. Fedha ya jumuiya hulala pamoja na fedha yake ya nyumbani. Leo akatoa nauli, kesho akalipa dawa ya mtoto, akikusudia kurudisha. Hata akirudisha senti zote, hana cha kuonyesha, na ulimi wa watu haungoji ushahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mara nyingi pamoja nayo hupotea heshima ya mtu mwaminifu.

Mtume Paulo alilijua hilo. Alipokusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakuibeba peke yake. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, twaona makanisa yalimchagua ndugu mwingine wa kusafiri pamoja naye, ili mtu yeyote asipate la kulaumu. Ikiwa Mtume alitaka shahidi, sisi ni nani tusitake? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo yasema hivyo kwa njia yake. Kanuni ya 537 yaamuru kila parokia iwe na halmashauri ya fedha. Kanuni ya 1267 yataka sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Kanuni ya 1287 yataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa. Basi anayeomba hesabu kwa adabu hamtukani kiongozi, na kiongozi anayeisoma hesabu mbele ya watu hajishushi hadhi. Watu wawili wahesabu fedha, wa tatu aandike, na daftari lisomwe mara kwa mara. Hiyo ni ngao ya kiongozi mwenyewe.

Mzigo wa tatu: maneno ya watu na haki ya nyumba yake

Mzigo wa tatu hauonekani kwa macho. Kiongozi akikosea neno moja mkutanoni, jioni lazunguka mtaa mzima kwa simu, na kila anayelipeleka huongeza chake. Mke wake alisikia kisimani, watoto wake walisikia shuleni. Wengi hawakuacha uongozi kwa sababu ya kazi, waliacha siku mke au mume alipouliza, "Nasi tutavumilia matusi haya hata lini?" Bwana wetu ametufundisha katika Injili ya Mateo, sura ya 18, kwamba ndugu akikosa tumwendee kwanza sisi na yeye tu. Anayeanza kwa kuwatangazia wengine ameliruka fundisho hilo, hata kama asemayo ni kweli.

Pamoja na maneno iko haki ya nyumba yake. Makatekista wengi huishi kwa jembe lao wenyewe, na siku wanazozunguka vigangoni ndizo siku za palizi. Kanuni ya 231 yasema kwamba mlei aliyejitoa kwa huduma ya pekee ya Kanisa anapaswa kupata malezi yanayofaa, tena ana haki ya kupata ujira wa kumwezesha kutunza jamaa yake kwa heshima. Hatuwezi kumwita katekista baba yetu wa imani siku ya Dominika, kisha tukalitazama shamba lake likimezwa na magugu siku ya Jumatatu.

Onyo kwa kiongozi mwenyewe

Hata hivyo haingekuwa haki tukitaja makosa ya watu tu. Cheo kidogo chaweza kumlevya mtu kama kile kikubwa. Mtume Petro, katika sura ya 5 ya waraka wake wa kwanza, awaonya wazee wa Kanisa wasilichunge kundi kwa kutafuta faida wala kwa kujifanya mabwana, bali wawe mfano. Jambo moja hasa latupasa kulisema bila kuficha. Mahali pengine jina la maskini husomwa kwa sauti kwa kuwa hakumaliza mchango; mahali pengine watu huogopa kwamba mtoto wao hatabatizwa, au mfu wao hatazikwa kwa sala, kwa sababu ya deni. Ni kweli kwamba kila Mkristu ana wajibu wa kulitegemeza Kanisa kwa kadiri ya uwezo wake, wala mwenye mali asijifiche nyuma ya fukara. Lakini kanuni ya 848 yaonya kwamba wahitaji wasinyimwe msaada wa Sakramenti kwa sababu ya umaskini, na kanuni ya 1181 yasema vivyo hivyo juu ya mazishi. Kiongozi anayemjua mjane asiye na kitu, akaenda kwa paroko kumsemea kabla hajaulizwa, huyo ameuelewa uongozi wa Kristu. Anayemwaibisha mbele ya watu amekuwa mtoza ushuru.

Faraja itokayo kwa Mungu

Na sasa twamgeukia wewe, kiongozi uliyechoka. Soma tena kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya, nabii mkubwa, aliketi chini ya mti nyikani akaomba afe. Mungu hakumkaripia. Alimpa usingizi, akampa mkate na maji, akampa usingizi tena na chakula mara ya pili. Ndipo alipomwendesha safari. Alipofika mlimani akilia kwamba amebaki peke yake, Mungu alimjulisha kwamba wako watu elfu saba wasiopiga magoti mbele ya Baali, akampa na Elisha wa kumsaidia na kushika mahali pake. Pumziko, chakula, mwenzi wa kazi, na habari ya kweli: hizo ndizo dawa Mungu alizomtumia mtumishi wake. Kwa hiyo kupumzika si kuasi, na kumlea atakayekurithi ni sehemu ya kazi yako.

Tukumbuke pia waliotutangulia katika nchi hizi. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni akauzwa utumwani. Wamisionari wa Afrika walimkomboa, wakamsomesha uganga katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawa daktari na katekista pamoja, akadumu katika huduma hiyo mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67. Mtoto aliyeuzwa kama bidhaa akawa mponya wa miili na mwalimu wa roho katika nchi isiyokuwa yake.

Tena tuwatazame Daudi Okelo na Jildo Irwa wa Uganda ya Kaskazini. Katekista wa Paimol alipofariki mwaka 1917, Daudi, kijana ambaye hakuwa amefikia miaka 20, alijitolea kushika nafasi iliyoachwa wazi, naye Jildo, mdogo kwake, akafuatana naye. Walionywa juu ya hatari za mahali hapo, wakaenda. Walifundisha watoto sala na katekisimu, wakalima pamoja na watu, na mwezi Oktoba 1918 waliuawa huko huko. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza wenye heri tarehe 20 Oktoba 2002. Hawakuwa na cheo wala mshahara wa maana wala gari. Walikuwa na kigango kisicho na mwalimu, na hilo likawatosha kuwa wito.

Yatupasayo sisi wengine

Mwisho twasema na jamaa zote zinazosoma gazeti hili. Baba na mama, jioni moja juma hili ketini pamoja na watoto mjiulize mambo machache. Kiongozi wa jumuiya yetu ni nani, na mara ya mwisho tulimwombea lini kwa jina? Ipo kazi gani moja tunayoweza kumpunguzia: kuandika daftari, kumzuru mgonjwa, kuwafundisha watoto wimbo? Liko neno tulilolipeleka huku na huko, ambalo lilipaswa kuishia kwake tu? Shamba la katekista wetu likoje msimu huu? Nanyi vijana mliosoma, mnaojua kuweka hesabu kuliko wazee wenu, mbona daftari la jumuiya bado liko mikononi mwa bibi asiyeona vizuri?

Na uchaguzi utakapofika, jina lako likitajwa, usikimbilie kutafuta udhuru. Uliza kwanza ni nani watakaofanya kazi pamoja nawe. Watu watatu wakisimama na kusema, "Sisi tupo," pokea kwa jina la Mungu. Na jina likitajwa la mwenzako, wewe uwe mmoja wa hao watatu.