Jinsi ya Kusafisha Kioo cha Eropleni

Mtu asimamapo kando ya uwanja na kuitazama eropleni ndogo hudhani ya kuwa dirisha lililo mbele ya rubani ni kioo kama kile cha dirisha la nyumba. Sivyo. Katika eropleni nyingi ndogo kitu kile ni akriliki, yaani namna ya plastiki iliyo wazi kama maji. Ilianza kuuzwa katika miaka ya 1930, Uingereza kwa jina la Perspex na Ujerumani kwa jina la Plexiglas, na katika vita vya 1939 hadi 1945 ndiyo iliyofunika vichwa vya marubani wa Spitfire. Ilipendwa kwa kuwa uzito wake haufiki nusu ya uzito wa kioo, tena ikitiwa moto hukubali kupindwa ifuate umbo la ndege. (Vipande vyake vilivyoingia machoni mwa marubani vitani ndivyo vilivyompa daktari Harold Ridley wa London wazo la kutengeneza lenzi ya akriliki, naye akaitia ndani ya jicho la mgonjwa mwaka 1949.)

Kasoro yake kubwa ni ulaini. Chembe moja ya mchanga ikiburutwa juu yake huacha mfuo. Mchana wa jua la utosini mifuo hiyo haionekani. Lakini rubani akielekea jua la asubuhi au la jioni, kila mfuo hung'aa, na dirisha zima huwa kama lililofunikwa na ukungu. Eropleni nyingine ijayo kutoka mbali huonekana kwanza kama nukta ndogo tu, nayo nukta yaweza kupotea katika mng'ao ule.

Katika uwanja wa Wilson mjini Nairobi hutua eropleni nyingi zirudizo kutoka viwanja vya udongo, zikiwa zimejaa vumbi. Mwenye haraka hutwaa kitambaa kikavu akapangusa. Hilo ni kosa kuliko yote, maana kitambaa hugeuka msasa; tena kusugua pakavu hutia umeme katika akriliki, nao umeme huo huvuta vumbi jipya.

Yafaa kuanza kwa maji. Vua kwanza pete na saa ya mkononi. Mwaga maji safi mengi, yatiririke na kuchukua vumbi, wala usiguse kitu bado. Kisha tia sabuni isiyo kali katika maji, uoshe kwa kiganja kitupu, kwa sababu mkono huihisi chembe ya mchanga iliyobaki, na kitambaa hakiihisi. Suuza tena. Ndipo ukaushe kwa kitambaa laini cha pamba kilicho safi, ukikigusisha taratibu bila kukandamiza. Ikibidi kupangusa, pangusa kwa mistari iliyonyoka, si kwa kuzungusha, kwani mifuo ya duara huleta mng'ao pande zote jua lipigapo.

Mafuta ya injini au wadudu waliokauka wasikwanguliwe kwa ukucha. Walowanishe mpaka walegee. Kwa mafuta mazito, vitabu vingi vya watengenezaji huruhusu kitambaa kilicholowa mafuta ya taa kidogo, kisha kuosha kwa sabuni. Lakini petroli, spiriti, asetoni, maji ya kupunguzia rangi, na dawa za kusafishia vioo vya nyumba zenye amonia, zote ni sumu kwa akriliki. Dawa hizi hufungua nyufa nyembamba kama nywele, hasa karibu na misumari ambako akriliki imekazwa, na ufa wa namna hii hupunguza nguvu za dirisha. Mwenye kujaza petroli katika ndege ambayo mabawa yake yako juu awe na hadhari, maana tone likimwagika huteremka moja kwa moja mpaka kiooni.

Dirisha likiisha kukauka, hupakwa nta iliyotengenezwa kwa ajili ya akriliki, kwa utando mwembamba, ikasuguliwa kwa mkono. Nta huijaza mifuo midogo isionekane. Mifuo mikubwa zaidi husuguliwa kwa misasa maalumu na maji, kuanzia iliyo mikwaruzo hadi iliyo laini mno, na kila msasa husugua kwa kukata njia ya ule uliotangulia, ili fundi aone kama alama za kwanza zimekwisha. Asisugue mahali pamoja tu: hapo patakuwa kishimo, na mtu atazamaye ataona nchi imepinda. Kazi hii ni ya fundi mwenye cheti, akiwa na kitabu cha ndege hiyo mkononi, kwani kila msuguo hupunguza unene. Na ikiwa mfuo ni mrefu kwenda chini kuliko kiasi kilichoruhusiwa, hung'oa dirisha na kuweka jipya.

Usiku ndege isifunikwe kwa turubai gumu. Upepo hulitikisa, na vumbi lililo chini yake husaga mpaka asubuhi.