Kumsindikiza Kijana Aliyelemewa Moyoni

Lengo la somo: Baada ya kulisoma somo hili, mzazi, mwalimu, kiongozi wa kijiji au jirani aweze kumtambua kijana aliyezidiwa na huzuni au hofu, azungumze naye bila kumtisha, na amfikishe penye msaada.



Mjini Kampala, mtu akitaka kumdhihaki mwenzake humwambia kwamba mahali pake ni Butabika. Butabika ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, iliyo upande wa mashariki wa jiji, nayo imekuwa ikiwapokea wagonjwa tangu mwaka 1955. Wengi walioingia humo wakiwa taabani walipata nafuu, wakarejea makwao, makazini na shuleni. Hata hivyo, jina la hospitali limebaki kuwa tusi. Kijana husikia watu wazima wakilitamka kwa kicheko, naye hujifunza kwamba maradhi ya mwili husemwa na maradhi ya moyo hufichwa. Siku yatakapompata, atanyamaza.

Somo hili lahusu kuuvunja ukimya huo na kumsindikiza kijana hadi kwa mhudumu wa afya. Twasema kumsindikiza kwa sababu kijana aliyelemewa, akielekezwa tu njia, mara nyingi haendi. Akipata wa kufuatana naye, huenda.

1. Dalili za kuangaliwa

Ujana una hasira na machozi yake. Kijana akinuna siku mbili, si ugonjwa. La kuangalia ni mabadiliko yanayodumu wiki mbili au zaidi: kukosa usingizi au kulala mchana kutwa, kuacha kula, kujitenga na rafiki, kushuka ghafla katika masomo, kulia bila sababu iliyo wazi, ukali usiokuwa desturi yake, ulevi, au kujijeruhi mwili. Dalili ya hatari zaidi ni maneno ya kuaga, kama vile "mtapumzika nikiondoka", au kugawa vitu avipendavyo. Maneno hayo yasichukuliwe kuwa mzaha wala deko.

Watoto wa mipakani wana mizigo ya ziada. Wapo ambao wazazi wao hulala ng'ambo kwa biashara juma zima, na binti mkubwa ndiye mama wa nyumba. Wapo waliovuka wakikimbia vita Kongo au Sudan Kusini. Wapo waliopoteza ndugu na wanafunzi wenzao usiku wa tarehe 16 Juni 2023, shule ya Lhubiriha iliposhambuliwa huko Mpondwe, na watu zaidi ya 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Majeraha ya namna hii hayaishi jeneza linapofukiwa.

2. Si maradhi ya kigeni

Husemwa kwamba huzuni ya kuumwa ni maradhi ya Wazungu. Wataalamu waliokwenda Masaka na Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania, waliwauliza wanavijiji wenyewe, wakakuta kwamba Waganda wana majina yake ya tangu zamani: yo'kwekyawa, hali ya mtu kujichukia, na okwekubazida, hali ya mtu kujihurumia kupita kiasi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wagonjwa wa huko walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa muda wa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha. Walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakuwa katika vikundi.

Njia hiyo ilijaribiwa pia kaskazini mwa Uganda, kwa vijana wa miaka 14 hadi 17 waliokuwa katika kambi za wakimbizi wa ndani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Wasichana walipata nafuu iliyo wazi. Kwa wavulana haikuonekana hivyo. Basi mvulana anayesema "mimi sina neno" aulizwe tena siku nyingine, na labda mkiwa kazini pamoja badala ya kuketi mkitazamana.

3. Namna ya kuzungumza

Tuchukue mfano. Binti wa miaka 15 ameacha kula, na amemwambia mdogo wake kwamba vitabu vyake vyote ni vyake sasa. Shangazi yake amepata habari. Hamwiti mbele ya watu. Anamchukua wachambue mboga nyuma ya nyumba.

"Mwanangu, naona siku hizi huli, na usiku nasikia hujalala. Sikukuita nikugombeze. Nataka kujua unabeba nini."

"Hakuna kitu, shangazi."

"Sawa. Tuchambue tu." Baada ya kimya kirefu: "Mdogo wako ameniambia umempa vitabu vyako. Je, umefikia kuwaza kwamba ni heri ufe?"

Binti analia. "Ndiyo. Lakini usimwambie baba."

"Asante kwa kuniambia. Sitakutangaza kijijini. Lakini jambo hili siwezi kulificha kwa wanaoweza kukusaidia. Leo utalala chumbani kwangu, na kesho asubuhi tutakwenda wote kituo cha afya. Baba yako nitazungumza naye mimi, nawe utaniambia nimweleze nini."

Tazama aliyoyafanya shangazi huyu. Ametaja alichokiona kwa macho yake. Amevumilia kimya. Ameuliza juu ya kifo waziwazi. Wataalamu wanatufundisha kwamba swali hilo halimtii mtu wazo la kujiua, bali humpa nafasi ya kulitua. Hakuahidi siri asiyoweza kuitunza. Na hakumwacha peke yake usiku ule.

Yapo ya kuepukwa. Usimwambie kwamba wenzake wana shida kubwa zaidi. Usimwambie kwamba anaiaibisha familia. Usimfunge kamba wala kumpiga ili "zimtoke". Kiongozi wa dini akiombwa dua, aombe. Lakini dua na matibabu havigombani, na mgonjwa asiachishwe dawa. Tena, dawa za shambani, vidonge na vitu vingine vya hatari vifungiwe mbali naye. Mara nyingi kishindo cha kutaka kufa hupita, na aliyezuiwa saa ile huendelea kuishi.

4. Hofu ya sheria

Tuseme wazi jambo linalowazuia wengi kutafuta msaada: wanatuogopa sisi polisi. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu ya Uganda bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba yao. Kwa upande wetu, yafahamike mambo mawili.

Kwanza, kuwaza kifo na kumweleza mtu si kosa. Kijana anayesema amelemewa hajavunja sheria yoyote. Pili, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya sheria ya kale, inamtambua mgonjwa anayekwenda kutibiwa kwa hiari yake. Kwa hiyo nenda mapema, kabla ya maafa. Na ikiwa kijana amekwisha kujidhuru, apelekwe hospitali mara moja. Uhai kwanza, maswali baadaye. Asiachwe afe nyumbani kwa hofu ya kituo cha polisi.

5. Penye msaada

Anza na mhudumu wa afya wa kijiji au kituo cha afya kilicho karibu. Kikishindwa, omba barua ya rufaa. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili: wa Mutukula huenda Masaka, wa Busia na Malaba huenda Mbale, wa Katuna huenda Kabale, wa Mpondwe huenda Fort Portal, wa Elegu huenda Gulu, wa Vurra huenda Arua. Si lazima kila mgonjwa afike Butabika. Kama kijana hajui lugha ya mganga, aende na mtu mzima anayemwamini wa kumtafsiria, asiwe mdogo wake.

Namba 116 ni ya bure, ya kuwasaidia watoto; na namba hiyo hiyo ndiyo inayotumika kwa watoto Kenya na Tanzania, jambo la kukumbukwa na wakazi wa pande zote za mpaka. Penye hatari ya mara moja, piga 999 au 112. Ikiwa chanzo cha huzuni ni kipigo, kunajisiwa au kulazimishwa kuolewa, nenda kituo cha polisi, ukaulizie Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia.

Baada ya siku ya kwanza, kazi haijaisha. Mkumbushe siku ya kurudi hospitali, fuatana naye, na umwombe mwalimu wake ampokee darasani bila maneno.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika kijiji chetu, ni maneno gani ya dhihaka yanayomfanya kijana afiche maradhi ya moyo? Tuyaache vipi?
2. Shangazi alikataa kuahidi siri kamili. Je, alifanya vema? Wewe ungesemaje?
3. Ni mtu mzima gani ambaye watoto wa nyumba yako wanaweza kumwendea, ikiwa hawawezi kukuambia wewe?
4. Kutoka hapa hadi kituo cha afya ni mwendo gani, na usiku tutapata wapi usafiri?

Swali la nne lijibiwe kwa majina na namba za simu, ziandikwe na kutunzwa kwa mwenyekiti wa LC1, kabla baraza halijafungwa.