Macho ya Watoto: Tuyatambue Magonjwa, Tuyatibu, Tuyakinge



Katika mikutano ya vikundi tumesikia mara nyingi mama akisema, "Ni macho tu, yatapona." Ni kweli mengi hupona. Lakini yako macho ambayo yakiachwa siku mbili hupofuka. Na yako mengine ambayo huonekana yamepona, kumbe yanaharibika polepole kwa miaka. Somo letu leo ni kuyatofautisha.

A. KUYATAMBUA

1. Mtoto mchanga. Mtoto wa chini ya mwezi mmoja akivimba kope na kutoa usaha, hiyo ni dharura. Mara nyingi vijidudu ni vya kisonono au klamidia, alivyovipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Vile vya kisonono vinaweza kutoboa kioo cha jicho kwa muda mfupi sana. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mama na baba nao lazima watibiwe. Hapa si mahali pa kulaumiana wala kuficha: aibu hupita, upofu haupiti.

2. Macho mekundu ya kuambukizana. Jicho huwa jekundu, huwasha, hutoa machozi au tongotongo, na asubuhi kope zimegandana. Mara huanza jicho moja, kisha la pili, kisha nyumba nzima. Yakiletwa na virusi, kwa kawaida hupona yenyewe kwa wiki moja au mbili. Usaha ukiwa mwingi, mtoto anahitaji dawa.

3. Trakoma, ambayo wengine huiita vikope. Kwetu Kenya imesumbua sana sehemu kavu kama Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Samburu, Narok na Kajiado. Huenezwa na nzi, vidole na nguo za kupangusia uso. Mtoto huambukizwa tena na tena, wakati mwingine bila maumivu makubwa. Ndani ya kope hutokea vipele, kisha makovu. Miaka mingi baadaye kope hukunjika kwa ndani, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Yule bibi unayemwona aking'oa nywele za kope kwa kibanio, ugonjwa wake ulianza akiwa mtoto. Akina mama huumia zaidi kwa sababu wao ndio hukaa na watoto. Bibi huyo asiachwe hivyo. Kuna upasuaji mdogo wa kurekebisha kope.

Dalili za hatari: maumivu makali, kuogopa mwanga, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, kutoona vizuri, jicho lililoumizwa, au macho mabaya wakati wa surua. Ukiona hata moja, usingoje kesho.

B. KUTIBU

Kwanza nawa mikono kwa sabuni. Safisha tongotongo kwa kitambaa safi na maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kitambaa chake kwa kila jicho. Kisha mpeleke zahanati. Akipewa marhamu ya macho ya tetrasaiklini, vuta kope ya chini taratibu, weka marhamu kidogo ndani yake, na ncha ya tyubu isiguse jicho. Nawa mikono tena. Maliza siku zote ulizoambiwa, hata macho yakionekana mazuri. Kwa trakoma, marhamu hayo hutumika mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Iko pia dawa ya kumeza, azithromaisini, ambayo hutolewa kwa kijiji kizima. Ikija kwenu, mtu asikatae kwa kusema, "Mimi siumwi." Nyumba moja ikiachwa, ugonjwa hurudi kwa jirani.

Usitie jichoni mkojo, maziwa ya mama, majani yaliyopondwa wala dawa ya meno. Usinunue tu dawa yoyote ya matone dukani, wala kutumia iliyobaki kwa jirani. Baadhi ya matone hupunguza wekundu huku ugonjwa ukiendelea kula jicho.

C. KUKINGA

Nzi hufuata uso mchafu. Uso ukiwa safi, nzi hana la kufuata. Kwa hiyo:

- Mwoshe mtoto uso kila asubuhi, na tena ukiona tongotongo.
- Kila mtoto awe na kitambaa chake. Kona ya leso ya mama isipanguse nyuso za watoto watano.
- Tuchimbe choo na kukitumia. Mavi ya watoto pia yatupwe chooni. Samadi na takataka ziwe mbali na nyumba.
- Mama ajifungulie hospitali au kituo cha afya, na aulize kama mtoto amepakwa marhamu ya macho.
- Mtoto apate chanjo ya surua akiwa miezi 9 na miezi 18, na vitamini A kila miezi 6 kuanzia miezi 6 hadi miaka 5. Ale mboga za majani, maembe, mapapai na mayai.

Mtauliza, "Na maji tunayoyafuata mbali, tuyamalize kwa kuosha nyuso?" Swali ni la haki. Lakini uso wa mtoto hauhitaji karai. Toboa tundu dogo kwenye kopo, lining'inize, na maji yatachirizika kidogo kidogo. Viganja vichache vinatosha.

Kazi hii inawezekana. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba trakoma si tatizo tena la afya ya umma nchini Ghana mwaka 2018, na Malawi mwaka 2022. Walitumia hizi hizi: upasuaji, dawa, uso safi na mazingira safi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Pimeni lita 1 ya maji, mtoboe kopo, muoshe nyuso za watoto waliopo. Zimeoshwa ngapi?
2. Katika kijiji chetu, ni nani anayeng'oa nywele za kope? Nani atamsindikiza hospitali?
3. Ni nyumba ngapi hazina choo, na tutaanza na ipi?